Kabla ya Mita, Macho: Kukagua Vifaa vya Umeme vya Kuhamishika Kazini

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mimi na Fundi Bakari tunazungumzia vifaa vya umeme vinavyohamishwa huku na huko kazini: grinda, drili, birika la ofisini, na ile ekstensheni ambayo hakuna anayekumbuka ilinunuliwa lini. Fundi, ukaguzi unaanzia wapi?

BAKARI: Unaanzia machoni, Bi Salma, kabla mita yoyote haijatoka mkobani. Chomoa plagi, itazame kama imepasuka au ina alama ya kuungua, kisha upitishe waya wote kati ya vidole hadi unapoingia kwenye kifaa, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku na ndipo ganda lake huchanika kwanza. Ukikuta umezungushiwa tepu nyeusi, ujue tatizo limefichwa tu.

SALMA: Na ndani ya plagi?

BAKARI: Kama ni ya kufunguliwa kwa bisibisi, ifungue. Waya wa kahawia uwe kwenye moto, wa bluu kwenye nyutro, na wa kijani na njano kwenye ethi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Kisha fyuzi. Katika karakana moja niliyowahi kufanyia kazi, nilikuta plagi ya grinda imewekewa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, na kwa kuwa grinda ilizunguka vizuri, hakuna aliyeitilia shaka.

SALMA: Wengi huamini kwamba fyuzi halisi ingemlinda mtumiaji.

BAKARI: Fyuzi hulinda waya usiungue. Swichi ya kukata umeme unaovuja, iliyowekwa kumlinda mtu, kwa kawaida ni ya miliampea 30, ilhali fyuzi ya ampea 13 huruhusu zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kukatika.

SALMA: Tuje kwenye vipimo. Je, malitimita ya kawaida haitoshi?

BAKARI: Kwa kupima kinga ya waya, yaani ganda linalozuia umeme usivuje, haitoshi. Malitimita hutumia betri ya volti chache, na kinga iliyolowa unyevu au kuchakaa huweza kuonekana nzima kwa volti hizo, kisha ikavujisha umeme ikikutana na volti 230. Ndiyo maana tunatumia mega, mita ya kupimia kinga, inayotoa volti 500 za mkondo mnyoofu. Kwa kifaa chenye ethi, kinga isipungue megaomu 1. Njia ya ethi hupimwa kutoka pini kubwa ya plagi hadi bodi ya chuma ya kifaa, na ukinzani wake usizidi takribani omu 0.1 juu ya ule wa waya wenyewe. Mita ishikishwe kwenye chuma kitupu, maana rangi hudanganya.

SALMA: Kuna drili ambazo hazina ethi kabisa.

BAKARI: Zenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, zina kinga maradufu na hazihitaji ethi. Nimewahi kuona mkaguzi akikataa drili nzima kwa kukosa alichokuwa anakitafuta.

SALMA: Na upimaji huu ufanywe kila baada ya muda gani?

BAKARI: Hutegemea kazi. Hata Uingereza, kanuni za umeme kazini za mwaka 1989 hudai kifaa kitunzwe kisilete hatari, bila kuamuru kipimwe kila mwaka. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbebesha mwajiri jukumu la kulinda wafanyakazi wake. Kwa maoni yangu, grinda ya kwenye ujenzi itazamwe na anayeishika kila anapoanza kazi, ilhali kompyuta isiyotoka mezani inaweza kusubiri muda mrefu.

SALMA: Na kifaa kilichofeli?

BAKARI: Kiandikwe daftarini na kiondolewe. Mimi hukata waya kabisa, kwa kuwa lebo nyekundu hubanduliwa.

SALMA: Hata ile grinda uliikata?

BAKARI: Niliikata asubuhi. Jioni nikaikuta imefungwa plagi nyingine, ila safari hii ilikuwa na fyuzi.