Anayekutaja Angeweza Kukataa

(Mhadhara kwa wamiliki wa kampuni za utalii, Moshi)

Mabibi na mabwana, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi.

Kuna barua pepe ambayo karibu kila mmoja wenu ameipata. Mtu usiyemjua anakuahidi linki mia tano za kuelekea kwenye tovuti yako, kwa dola kadhaa tu, halafu kila atakayetafuta safari ya Kilimanjaro atakukuta wa kwanza. Najua humu wamo waliolipa. Msinyooshe mikono.

Kwa nini linki ina bei? Mwishoni mwa miaka ya 1990, Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliazima desturi ya wasomi: makala inayotajwa na wengi ina uzito, na ikitajwa na makala yenye uzito, uzito wake unaongezeka. Wakaitumia kwenye kurasa za intaneti, na linki ikawa ushahidi. Sasa shahidi anasikilizwa kwa sababu angeweza kukataa kusema. Akishalipwa, hata ukweli wake haumsaidii mtu.

Waulizeni JCPenney, duka kubwa la Marekani. Msimu wa sikukuu za mwisho wa 2010, ukitafuta magauni, mashuka au mazulia kwenye Google, wao walikuwa juu. Hata kwa mabegi ya Samsonite walimpita Samsonite mwenyewe! Februari 2011 gazeti la The New York Times likaanika mambo: linki kwa maelfu, nyingi zikiwa zimebandikwa kwenye tovuti zisizohusiana na nguo hata kidogo. Google ikachukua hatua, na katika saa chache yale mabegi yaliporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71. Duka lilisema halikuzijua linki hizo, likaiachisha kazi kampuni iliyokuwa ikilishughulikia. Lakini jina lililoporomoka ni la duka, si la fundi wake.

Mwaka uliofuata, Aprili 2012, ikaja programu ya Google iitwayo Penguin, kuwinda linki za namna hiyo, na tangu 2016 kwa kawaida Google huzipuuza tu. Wapo wanaofurahia habari hii. Mimi naona umelipa dola zako usipate kitu.

Tangazo la kulipia si kosa, mradi lijulikane ni tangazo. Ili Google ijue, kwenye msimbo wa linki mwenye tovuti anaandika neno «sponsored», lililoanzishwa 2019, au lile la zamani la «nofollow», la 2005. Na ile tabia yetu ya kumpandisha mwanablogu mlimani bure ili atuwekee linki? Hayo nayo ni malipo.

Sasa njia halali, na hapa ninyi ni matajiri msiojijua. Waongozaji wenu wanajua ni miezi gani njia ya Lemosho inateleza kwa matope, na kwa nini Marangu watu wanalala kwenye vibanda ilhali njia nyingine ni mahema. Andikeni hayo. Chambueni bei ya safari: kiasi gani kinakwenda hifadhini, kiasi gani chakula, mpagazi anabaki na nini mkononi. Wengi hawapendi kuliweka hili hadharani, ndiyo maana atakayeliweka atatajwa na waandishi wa habari, wanafunzi na wasafiri wenyewe.

Kisha wajulisheni wanaohusika. Hoteli mnayoipelekea wageni kila msimu ina sababu ya kuwataja. Ukikuta tovuti ina linki iliyokufa kuhusu jambo ambalo wewe umeliandika vizuri, mwandikie mwenyewe, mweleze, umwachie aamue. Mara moja inatosha, asipojibu, mwache. Na msimwagize mtu maneno ya kuandika. Tovuti arobaini zikisema «safari nafuu ya Kilimanjaro» neno kwa neno, nani ataamini haziratibiwi na mtu mmoja? Watu wakitaja kwa hiari huandika jina la kampuni, au «hawa jamaa wa Moshi».

Kwa mliokwisha kununua: fungueni Search Console, kifaa cha Google cha wenye tovuti, ni bure, mtazame kama kuna taarifa ya adhabu. Ikiwepo, waombeni wenye tovuti wazifute hizo linki. Zilizogoma zikataeni kwa kifaa ambacho Google ilikitoa Oktoba 2012, kisha ombeni kesi iangaliwe upya. Isipokuwepo, kifaa hicho msikiguse, maana mnaweza kuzikataa hata linki zinazowabeba.

Haya, maswali.