Neno Nice na Ndugu Yake Sayansi

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Neno nitakalolizungumzia jioni ya leo ni fupi mno: nice, ambalo Mwingereza hulitamka anaposifu chai, shati, hali ya hewa au tabia ya mtu.

Lilipozaliwa, neno hili lilikuwa tusi. Walatini walikuwa na kitenzi scire, yaani kujua, na kwa kukikanusha wakapata nescius, mtu asiyejua. Likapita kwenye Kifaransa cha kale, likafupika, na mnamo mwaka 1300 likaingia katika Kiingereza likiwa na maana ya mpumbavu. Kitenzi hicho hicho ndicho asili ya neno tulilolipokea sisi kwa umbo la sayansi. Hivyo hawa ni ndugu, mmoja wa kujua na mwingine wa kutojua, na kila ninapolifikiria jambo hili hustaajabu upya.

Maana yake ilihama polepole. Baada ya upumbavu lilikuja kumtaja mtu mwenye kudeka, kisha mchaguzi asiyeridhika upesi na chakula wala nguo, kisha mwangalifu anayepambanua mambo kwa makini. Maana ya kupendeza ilishika mizizi katika karne ya 18 tu. Hata leo, mwanasheria akisema tofauti fulani ni nice, hasifu uzuri wake, bali anasema ni nyembamba na yahitaji jicho kali.

Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, Padre Laurence anapopata habari kwamba barua yake haikumfikia Romeo, analalamika kuwa barua ile haikuwa nice. Nilipoisoma shuleni nilidhani anasema haikuwa nzuri. Kumbe anasema halikuwa jambo dogo: ilibeba uhai wa vijana wawili.

Mwaka 1817 ilitoka riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, ambamo Henry Tilney anamtania msichana anayekiita kila kitu nice, akidai kwamba huenda hapo mwanzo neno hilo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Mtetezi huyo wa asili aliishia katikati ya njia. Angerudi nyuma karne chache zaidi, angemkuta mpumbavu.