Mbona Malindi Haina Milima?

Assalaam aleikum, wazee wangu, mabibi na mabwana. Swali halikosi kuulizwa: ikiwa milima huinuka kandokando ya mabara, mbona kutoka hapa Malindi hadi Lamu ni tambarare?

Jibu nitalirudia mpaka mchoke: ukingo wa bara si mpaka wa bamba, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia, kinachosogea polepole. Bamba letu, la Somalia, haliishii kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Linaendelea chini ya maji hadi kwenye safu iliyo katikati ya Bahari Hindi. Ardhi mnayoikanyaga na sakafu ya bahari iliyo mbele yenu vinasafiri pamoja, havisukumani. Ukingo huu ni wa kuachana: Madagaska ilianza kubanduka hapa zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita.

Chile na Peru mambo ni mengine. Bamba la Nazca, lililo chini ya Bahari ya Pasifiki, linazama chini ya Amerika Kusini kwa takribani sentimita 7 kwa mwaka. Lina uzito: ni basalti, mwamba mzito wa volkeno, iliyopoa, na bara ni jepesi, halizami. Baharini pana handaki la kina cha mita 8,000 hivi; nchi kavu pana safu ya milima ya Andes, na kilele chake Aconcagua, mita 6,961.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Wanadhani mawe huyeyushwa na msuguano. La hasha! Bamba linalozama ni baridi. Kinachoyeyusha ni maji. Miamba ya sakafu ya bahari imenyonya maji, yakafungika ndani ya madini. Bamba likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua, yakapanda kwenye miamba ya moto iliyo juu yake. Mwamba uliokuwa mgumu ukiwa mkavu, ukipata maji huanza kuyeyuka katika joto lile lile. Uji huo hupanda. Kiasi hutoka kwa volkeno, kingi huganda njiani kikawa graniti. Wakati huo huo bara linabanwa, matabaka yanajikunja na kupandana, mpaka gandunia, yaani ganda la nje la dunia, ya unene wa kilomita 40 inafikia 70 chini ya nyanda za juu za Bolivia. Mkeka ukisukumwa ukutani hujikunja pia, ila hauna mzizi. Mlima unao, ndiyo gandunia hiyo nene iliyo chini yake, na ndio unaoubeba.

Atasema mtu: "Na mawimbi ya Desemba 26, 2004? Si yaliua mtu pwani yetu?" Yaliua. Lakini mpaka uliofyatuka ni wa Sumatra, kiasi cha kilomita 6,000 kutoka hapa. Sisi tuliletewa maji tu.

"Na Kilimanjaro?" Volkeno, tena ya mahali bara linapopasuka. Tusiichanganye na Andes.

Himalaya naipita mbio: bahari ilimezwa yote, mabara yakagongana miaka milioni 50 hivi iliyopita, na kwa kuwa hakuna lililokubali kuzama, chokaa ya baharini leo iko kileleni mwa Everest.

Na msiseme Kenya haikuwahi kuwa na safu kama hizo. Miamba ya Taita ni mizizi ya safu iliyoinuka vipande vya mabara vilipogongana, miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Juu kote kumemomonyoka. Mto Sabaki ukija mwekundu, sehemu ya tope lake imetoka Ukambani, kwenye miamba ya ukoo huo huo. Linatua baharini, kwenye bonde la Lamu lenye matabaka ya zaidi ya kilomita 10. Bahari hii ikija kufungwa, hayo ndiyo yatakayokunjwa. Lini? Kwanza bamba livunjike mahali fulani baharini, lianze kuzama, na dalili hiyo haipo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni kwa maswali, bora lisiwe la Kilimanjaro.