Setilaiti Haina Boti ya Asubuhi

Asalaam alaykum. Wengine mlishanisikia nikiyasema haya, na leo nayarudia, maana kila mwaka vijana huniletea michoro ya setilaiti ndogo ya kutazama nyota, na swali langu la kwanza halijibiwi: kompyuta yako ikikwama huko juu, nani ataizima?

Wengi huanza kubishana kuhusu chipu. "Mwalimu, chipu ya dukani haiwezi mionzi ya angani." Ingenuity, ile helikopta iliyoruka Mirihi mwaka 2021, ilikuwa na prosesa ya aina ya simu. Ilipangiwa safari 5, ikaruka 72. Lakini pembeni yake iliwekwa chipu nyingine ya kuitazama na kuikatia umeme ikipotea. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo mnayoiruka.

Tuliwahi kuweka kifaa cha kupima giza la anga juu ya paa Makangale, kaskazini ya Pemba karibu na msitu wa Ngezi, ambako Kilimia unakihesabu nyota kwa nyota. Kompyuta yake ilikuwa bodi ya kawaida, saizi ya kadi ya benki. Siku ya tisa bibi mwenye nyumba akanipigia simu: "Mwanangu, kitaa chako cha kijani hakipepesi tena." Nikapanda boti ya asubuhi, nikashuka Mkoani, gari mpaka Konde, kisha bodaboda. Nikapanda ngazi, nikachomoa waya, nikahesabu hadi kumi, nikauchomeka. Kitaa kikapepesa. Bibi akaniuliza, "Ndiyo hilo tu lililokuleta?" Ndiyo, bibi, ni hilo tu.

Usiku ule nikaifungua programu nikaliona kosa langu. Mlinzi, yule wa kuiwasha upya kompyuta ikikwama, nilimwandika ndani ya programu ileile anayoilinda. Programu ilipolala, mlinzi naye akalala.

Mlinzi wa kweli ni saa ya peke yake, nje ya kompyuta. Kompyuta humpigia hodi kila baada ya sekunde chache. Hodi isiposikika, anakata umeme, anangoja, anawasha. Nimesema anakata umeme, sikusema anaanzisha programu upya. Chembe ya mionzi ikipita ndani ya chipu inaweza kugeuza 0 ikawa 1, na hapo kuanzisha upya mara nyingi kunatosha. Lakini chembe hiyohiyo yaweza kufungua njia ya umeme isiyokuwemo kwenye mchoro wako. Mkondo unapanda, chipu inapata moto, na njia hiyo haifungi mpaka umeme ukatike kabisa. Kwa hiyo weka na kipimo cha mkondo, kikate umeme mara tu mkondo unapozidi.

Mtu ataniambia, "Nitatuma amri kutoka ardhini." Lini? Setilaiti iliyo kilomita 500 juu huonekana hapa kwa dakika chache tu kila inapopita. Mkasa mwingi wa mionzi utaipata juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako ukanda wa mionzi unashuka karibu na dunia. Chipu inayoungua haingoji ifike juu ya antena yako.

Wala msidhani anga ni mambo ya wenzetu. Mwaka 1962 John Glenn, mwanaanga wa Marekani, akiizunguka dunia alizungumza na kituo kilichokuwa hapa Unguja. Na setilaiti ya kwanza ya kutafuta eksirei za nyota ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 karibu na Malindi, ile ya Kenya, si hii ya bandarini kwetu. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Na udogo si kisingizio. ASTERIA, setilaiti ya kutazama nyota, ilikuwa kama kiboksi cha viatu, sentimita 10 kwa 20 kwa 30. Ilipangiwa siku 90, ikaishi miaka miwili, ikaiona sayari ya 55 Cancri e ikipita mbele ya nyota yake, umbali wa miaka-nuru 41.

Nilitaka kusema juu ya joto, kwamba feni haina kazi pasipo hewa, na juu ya kuweka nakala tatu za data zipige kura, mbili zinazokubaliana ziishinde iliyoharibika. Muda umekwisha, niulizeni nje.

Bodi ya Makangale hii hapa mezani, safari hii mlinzi wake yuko nje. Ameunganishwa na kitaa kilekile cha kijani. Njooni muikwamishe mnavyoweza, kisha tuhesabu pamoja sekunde ngapi zitapita kabla hakijapepesa. Nani anaanza?