Kusomea Picha za Dijitali Katika Chuo cha Jamii, California

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa niseme juu ya kusomea upigaji picha za dijitali katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, vya hapa California. Mama mmoja ameniwahi mlangoni: kwa nini mwanangu alipe ada, na YouTube ipo bure? Ana haki ya kuuliza. Vitufe vya kamera unaweza kujifunza jikoni kwako. Chuoni hatuendi kwa ajili ya vitufe.

Tuanze na bei, maana bila bei haya yote ni porojo. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa uniti, kipimo cha ukubwa wa kozi, na bei hiyo haijapanda tangu 2012. Kozi ya uniti 3 ni dola 138, ukiongeza na ada ndogondogo. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe hata hiyo 46. Asiyehesabiwa mkazi hulipa mara kadhaa zaidi, na kwa kawaida ukazi unataka uwe umeishi hapa zaidi ya mwaka mmoja kabla muhula haujaanza. Aliyefika juzi, mara nyingi kusubiri kunamlipa.

Sasa darasani. Mtafundishwa mambo matatu yanayotawala mwanga: tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Hayo hata YouTube watakwambia. Kinachochukua muda ni kupima mwanga, na hapo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi kuliko wanafunzi wengine wote.

Mita, yaani kipima mwanga kilicho ndani ya kamera, haijui inatazama nini. Imetengenezwa ikidhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kitatoa kijivu cha wastani. Basi mlete bibi harusi, gauni jeupe limejaa fremu. Mita itaona mwanga umezidi, itapunguza; gauni litatoka kijivu na uso wake utazama gizani. Mlete bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi: mita itaongeza mwanga mpaka paji la uso liungue, libaki doa jeupe. Na harusi zetu huwaweka wote wawili bega kwa bega! Wapiga picha wengi wa kwetu hutibu hilo kwa kumulika flashi usoni moja kwa moja, ndiyo maana albamu zetu zimejaa nyuso zinazomeremeta kama sufuria iliyosuguliwa. Mwalimu mzuri atakupa mita ya mkononi, inayopima mwanga unaomwangukia mtu, si ule unaorudi kutoka kwake. Hiyo haidanganywi na gauni wala na ngozi. Kisha atakufundisha kuuleta mwanga kutoka ubavuni, mwanga mpana na laini, maana ngozi nyeusi hupata umbo lake kwa jinsi mwanga unavyoteleza juu yake.

Tatizo hili lina historia. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu, zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Sisi hatukuwamo kwenye hesabu. Kilichochangia Kodak kurekebisha filamu zao ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao zilitoka vibaya kwenye matangazo. Yaani tuliingia kwa mgongo wa kabati.

Ili kuokoa nyuso zetu zinapotoka na giza, mtaambiwa mpige RAW, yaani faili ghafi la kamera, badala ya JPEG, faili la picha lililokwisha kubanwa. JPEG ya kawaida huhifadhi ngazi 256 kwa kila rangi: nyekundu, kijani na bluu. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384. Uso uliotoka na giza, ukiuangaza kwenye JPEG unavunjika madoa. Kwenye RAW bado kuna kitu cha kuokoa.

Halafu kuna siku ya kukosoana. Picha zinabandikwa ukutani, na darasa zima la watu wasiokujua wanazitazama. Nyumbani kila picha yako ni mashallah. Pale atatokea mtu aulize mbona kuna nguzo inayoota kichwani mwa shangazi yako. Inauma, lakini hilo hasa ndilo ninaloona linastahili ada, kwa sababu video haiwezi kukutazamia kazi yako.

Msinunue kamera ya bei kubwa kabla ya kuulizia idara inaazima nini. Vyuo vingi vina stoo ya kamera, lenzi na taa kwa wanafunzi waliojiandikisha. Shahada ya miaka miwili huhitaji uniti 60, na mteja wa harusi hatakuuliza kama unayo. Anayetaka kazi tu achukue cheti kifupi, aongeze kozi moja ya biashara. Wengi wanajua kupiga picha, kuandika ankara hawajui.

Mwisho, walio na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni: kozi moja peke yake haiwatoshi. Mnatakiwa kubeba uniti 12 kwa muhula, kwa hiyo picha itabidi ikae pamoja na masomo mengine. Muoneni mshauri wa wanafunzi wa kigeni kabla hamjadondosha somo lolote.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa mlangoni.