Kubadilisha usukani nyumbani: jihadhari na kilichomo katikati yake

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji wetu. Msikilizaji mmoja ametueleza kwamba usukani wa Toyota Corolla yake ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, inayoshinda juani mwaka mzima, umebanduka ngozi hadi unamchafua viganja, naye amepata mwingine wa modeli ileile dukani Gerezani, Dar es Salaam. Anauliza kama anaweza kuufunga mwenyewe nyumbani. Kaka Bakari, kazi hii umeifanya kwa mikono yako; unamjibuje?

BAKARI: Anaweza, dada Mwanaidi, maana usukani wenyewe umeshikwa na nati moja tu. Lakini kabla hajaifikia nati hiyo atakutana na mfuko wa hewa, ambao mafundi tunauita eabegi, na nyuma ya mfuko huo mna baruti inayoujaza kwa takriban milisekunde 30. Hakuna binadamu anayewahi kuuondoa mkono kwa muda huo, kwa hiyo utulivu wote wa kazi hii unaanzia kwenye betri.

MWANAIDI: Wengi watasema kwamba wakizima gari, umeme umekwisha.

BAKARI: Haujaisha, na hapo ndipo watu huumia. Mfumo huo una kapasita inayohifadhi umeme wake yenyewe, ili mfuko ufanye kazi hata kama betri imepondwa kwenye ajali. Anyooshe magurudumu ya mbele, azime swichi, afungue waya wa upande hasi wa betri na kuukunjia kitambaa usije ukarudi na kugusa, kisha asubiri. Maelekezo ya Toyota yanataka angalau sekunde 90. Mimi hukaa dakika kumi kamili, nikitumia muda huo kupanga spana zangu juu ya gunia.

MWANAIDI: Baada ya hapo mfuko unatokaje?

BAKARI: Kwenye Corolla za aina yake kuna vifuniko vidogo vya plastiki ubavuni mwa usukani, na chini yake kuna skrubu za nyota, namba T30. Zikilegea, mfuko unavutwa taratibu na waya zake kuchomolewa; kiunganishi chake ni cha rangi ya njano, rangi ambayo watengenezaji wengi wameiteua kuwa onyo. Gari nyingine hutumia vibanio vya springi, kwa hiyo asome kitabu cha gari lake badala ya kubahatisha. Akiubeba, uso wa mfuko utazame mbali na mwili wake, na akiuweka chini uso uangalie juu, kwa sababu ukilazwa kifudifudi na bahati mbaya ukalipuka, chuma chote cha nyuma kitaruka. Ninaomba pia asiupime kwa mita ya umeme, hata kwa sekunde moja, kwani umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuuwasha. Watoto nao wasiwepo.

MWANAIDI: Nimewahi kuona fundi akiugonga usukani kwa nyundo ili utoke.

BAKARI: Hilo linanisikitisha kila ninapoliona. Shafti ya usukani imeundwa ijikunje dereva anapogongwa ili isimchome kifua, na nyundo inaweza kuuharibu mpangilio huo bila mtu kuona dalili yoyote kwa nje. Atumie kifaa cha kuvutia usukani chenye boliti mbili. Nati ni ya spana namba 19. Ailegeze lakini aiache kwenye nyuzi chache, maana usukani ulioganda ukiachia ghafla humrukia mtu usoni. Kabla ya kuvuta, apige mstari wa rangi kwenye shafti na kwenye usukani, ili meno yarudi palepale.

MWANAIDI: Wewe mwenyewe uliwahi kuharibu kitu katika hatua hii.

BAKARI: Naam. Nyuma ya usukani kuna kasha la plastiki lenye utepe mwembamba wa waya, uliojiviringisha kama springi ya saa, unaopitisha umeme wa honi na wa mfuko wa hewa huku usukani ukizunguka. Nilipoutoa usukani nililiacha kasha lijizungushe ovyo, nikafunga, na nilipokata kona ya kwanza nikasikia kitu kikikatika kwa sauti ndogo sana, kama uzi wa cherehani. Honi ikanyamaza, taa ya eabegi ikawaka, na gari likakaa siku kadhaa bila ulinzi huo. Sasa hulifunga kasha kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla halijasogea. Likisogea, kwa Toyota nyingi huzungushwa kinyume cha saa polepole hadi lishike, kisha hurudishwa mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane.

MWANAIDI: Na mfuko wa hewa uliokuja na usukani wa dukani?

BAKARI: Asiufunge, kama mfuko wake wa awali ni mzima na unaingia kwenye usukani huo. Tukumbuke mifuko ya Takata ya Japani, kampuni iliyofilisika mwaka 2017: baruti yake ya nitrati ya amonia iliharibiwa na joto na unyevu kwa miaka, na mfuko ulipofunguka ulirusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu, kuanzia Mtwara hadi Lamu. Hata mfuko wake wa awali autafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya chesisi, ajue kama gari lake liliitwa kurekebishwa.

MWANAIDI: Kufunga kunafuata njia ileile kinyumenyume?

BAKARI: Ndiyo, ila mkazo upimwe. Nati hiyo ya Toyota hukazwa kwa nyutoni mita 50, na skrubu za mfuko kwa takriban 9 tu. Betri aiunganishe mwisho, kitini pasiwe na mtu, na swichi aiwashe akiwa amesimama nje, mkono ukipitia ubavuni. Taa ya eabegi itawaka kwa takriban sekunde sita kisha izime.

MWANAIDI: Ikikataa kuzima? Wapo wanaoshauri kuitoa balbu, au kufunga kizuizi cha umeme ili kuidanganya kompyuta.

BAKARI: Anayefanya hivyo anamficha dereva ajaye, pengine mkewe au mnunuzi, kwamba mbele yake hamna kinga. Gari libaki uani hadi fundi mwenye mashine ya kupimia aje alisome kosa.