Mrushaji wa ligi ndogo za besiboli Marekani: ngazi, mshahara na kiwiko

Habarini wadau, mlioko nyumbani na mlioko huku ughaibuni. Tangu klipu za vijana wa Uganda wanaocheza besiboli zianze kusambaa, swali linalorudi kila siku ni hili: kijana akisainiwa na timu ya Marekani, ametoboa? Bado. Ameingia kwenye foleni ndefu, na leo nataka tuitazame foleni hiyo kwa upande wa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye gongo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na wote ni warushaji. Pittsburgh Pirates nao wakamchukua David Matoma, mrushaji pia. Kwa hiyo wazazi, hili linatuhusu.

Timu kubwa, yaani za ligi kuu, ziko 30. Kila moja ina timu nne za chini, kutoka chini kwenda juu: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini kabisa kuna ligi za kambini, Arizona na Florida, na nyingine Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi wa nje huanzia. Ukipiga hesabu, ni warushaji wengi sana wanaogombea nafasi ambazo kila timu kubwa kwa kawaida inazo 13 tu kwa wakati mmoja.

Sasa, kinachompandisha mtu ni nini? Wengi mnadhani ni kasi. Kasi inakufungulia mlango, basi. Kutoka kichuguu cha kurushia hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Huko Single-A, hiyo peke yake inatosha. Ukifika Double-A unakutana na wapigaji ambao hawakimbilii mpira mbovu, ule uliotoka nje ya eneo la kupigwa, wanasubiri. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wana aina moja au mbili tu za mpira.

Chukua mpira wa kudanganya, ule wanaouita chenjiapu. Unaushika ndani zaidi ya kiganja, vidole vya kati vikibeba kazi, halafu unarusha kwa mkono uleule wa mpira wa kasi. Kasi ya mpira inakuwa chini ya ile ya mpira wa kasi kwa kilomita 13 hadi 16 kwa saa, na mpigaji anazungusha gongo kabla haujafika. Kosa la vijana ni kupunguza mwendo wa mkono wenyewe. Mpigaji akiona mkono umelegea, anajua kinachokuja, na anaupiga mpira huo hadi nje ya uwanja. Ndiyo maana makocha wanakazana na mkono kuliko mpira. Asiyepata aina ya tatu ya kuaminika huhamishwa kuwa mrushaji wa akiba, wa kuingia mwishoni kwa awamu moja, maana mpigaji akikuona mara ya tatu mchezo mmoja amekwisha kukusoma.

Wiki ya mrushaji wa kuanza, yule anayeufungua mchezo, imepangwa kama dozi. Tangu 2021 timu nyingi za chini zinacheza Jumanne hadi Jumapili na Jumatatu ni mapumziko, kwa hiyo wengi huanza mchezo mara moja kwa wiki. Kesho yake ni kukimbia taratibu na mazoezi ya mikanda ya mpira ya kuvuta kwa ajili ya bega. Kisha kurusha kwa umbali mrefu kulegeza mkono. Katikati ya wiki, mirusho kama 25 au 30 kwa mdakaji, kwa kurekebisha kitu kimoja tu. Siku ya mchezo hesabu ya mirusho inawekwa kabla hajaingia. Kijana wa ngazi za chini anaweza kutolewa akiwa na 70, hata kama anashinda. Msikasirike mkimwona anatolewa. Wanalinda kiwiko.

Kiwiko hicho kina ligamenti upande wa ndani, na kila mrusho wa nguvu unaivuta karibu na kikomo chake. Dalili ya kwanza mara nyingi haiwi maumivu makali: mpira unaanza kupotea shabaha, kasi inashuka, mkono unakaza. Kijana anayeogopa kupoteza nafasi ananyamaza. Hilo linanisikitisha sana, kwa sababu ligamenti ikichanika mara nyingi inahitaji upasuaji wa kupandikiza kano, alioubuni Dkt. Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John. Kurudi uwanjani ni miezi 12 hadi 18, na kwa mtu wa ligi ndogo mwaka mzima ni umri unaokwenda.

Tuje kwenye pesa. Mwaka 2022 mchezaji wa Single-A alilipwa kama dola 11,000 kwa mwaka. Garrett Broshuis, mrushaji wa zamani wa ligi ndogo aliyesomea sheria, alikuwa mstari wa mbele kwenye kesi ya mishahara dhidi ya ligi kuu iliyofunguliwa 2014, na mwaka 2022 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 185. Mwaka huohuo wachezaji wakajiunga na chama, na mkataba wa 2023 ukapandisha Single-A hadi dola 26,200, Double-A 30,250, Triple-A 35,800. Nyumba hulipiwa na timu. Tafadhali msiibadilishe kwa shilingi mkashangilia. Huku hiyo ni ya kubana.

Hatua inayobadilisha maisha ni kuwekwa kwenye orodha ya watu 40 ya timu kubwa. Ukiwa humo unaweza kuitwa juu wakati wowote, na mwaka 2025 kima cha chini cha huko juu kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa kila siku uliyokaa. Lakini timu inaweza kukurudisha chini ndani ya misimu mitatu, hadi mara tano kwa msimu mmoja. Warushaji wa akiba ndio wanaosafiri huku na huko hivyo.

Tena kuna bonasi ya kusaini, na hapa nasema waziwazi: aliyelipwa mamilioni huvumiliwa miaka hata akiharibu, aliyesainiwa kwa fedha kidogo huachwa baada ya msimu mbaya mmoja. Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni bonasi ni kiasi gani, na kama timu italipia masomo akiachwa. Kipengele cha masomo huandikwa kwenye mkataba wa mwanzo. Kikisahaulika siku hiyo hakirudi.

Akiachwa, kuna ligi huru za Marekani, zisizo chini ya timu kubwa, na ligi za Mexico, Japan na Taiwan. Tayler Scott wa Johannesburg alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011, akafika ligi kuu 2019 kama mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika, akaenda Japan, akarudi, na mwaka 2024 akarusha katika michezo zaidi ya 60 akiwa na Houston Astros. Alikuwa na miaka 32.